Sahani ya Ziada

Mwenye nyumba wangu wa kwanza mjini Kraków alikuja kutengeneza hita ya chumbani, na kabla hajafungua boksi la spana akaniuliza kama najua kwamba Wapoland walimpiga Julius Caesar, yule jemadari wa Roma ya kale, mara tatu.

Nilikuwa na wiki moja tu nchini. Kipolandi changu kilitosha kununulia mkate, Kiingereza chake kilitosha kudai kodi, nikadhani sijamsikia vizuri. Akarudia, safari hii kwa vidole: moja, mbili, tatu. Mwisho Caesar akaomba yaishe, akamwoza mfalme wao dada yake, Julia. "Shuleni hawafundishi haya," akasema, kisha akainamia bomba kama shahidi aliyekwisha kutoa ushahidi na sasa anasubiri nauli yake.

Nilikwenda kule kusomea uhandisi wa madini. Historia niliiacha kidato cha pili bila majonzi. Lakini nilikaa kwa yule mzee miaka mitatu, na katika miaka hiyo sikumbuki hita, sinki wala balbu iliyotengenezwa bila somo. Moyoni nilimwita Pan Lechia. Pan ni "bwana" kwa Kipolandi. Lechia ndiyo dola aliyoiamini. Kwa maelezo yake, karne nyingi kabla Poland haijawa Poland, Waslavi, yaani mababu wa Wapoland, Warusi, Wacheki na ndugu zao, walikuwa na dola kubwa iliyoanzia mto Rhine ikapotelea mashariki, yenye wafalme wanaojulikana kwa majina na miaka yao ya kutawala, yenye maandishi yake na miungu yake. Kisha mwaka 966 mtawala Mieszko wa Kwanza akabatizwa, mapadri wakaingia, vitabu vikachomwa. Kilichobaki wakakimalizia Wajerumani, na maprofesa wakalipwa wanyamaze.

Mwanzoni nilikuwa nacheka. Siku moja nikamuuliza hayo majina ya wafalme ameyatoa wapi, na swali hilo likanipeleka mbali kuliko nilivyokusudia.

Habari ya Caesar haikutungwa na mtu wa intaneti. Iliandikwa na askofu. Wincenty Kadłubek, askofu wa Kraków aliyefariki mwaka 1223, aliandika kwa Kilatini tarikhi ya Wapoland, na humo ndimo Caesar anamopigwa. Humohumo Aleksanda Mkuu naye anapigwa, kwa hila ambayo ingependeza kwenye baraza lolote: sonara mmoja anatengeneza kofia na ngao za mbao na magome ya miti, anazipaka kitu cha kung'aa, anazitandaza kilimani. Jua likipiga, adui anadhani jeshi limejipanga kule juu. Anapanda mbiombio, anakuta magome, na wenyewe wameshamzunguka. Sonara anapewa ufalme.

Kadłubek alikuwa msomi, na alifanya walichofanya wasomi wenzake wa Ulaya siku zile. Waingereza walijitafutia babu kutoka Troya. Wafranki nao vilevile. Askofu wa Kraków hakutaka watu wake waende harusini mikono mitupu, akawafungia zawadi. Simwoni kama mwongo. Mwongo alikuja baadaye.

Ile orodha ya wafalme, ambayo Pan Lechia aliijua kwa ghibu, imetoka sana kwenye Tarikhi ya Prokosz, iliyochapishwa Warsaw mwaka 1825 na kunadiwa kuwa ya karne ya 10. Ingekuwa kweli, lingekuwa andiko kongwe kuliko yote ya Wapoland. Joachim Lelewel, mwanahistoria mkubwa wa zama zile, aliisoma akaikataa. Ilikuwa kazi ya Przybysław Dyamentowski, bwana wa karne ya 18 aliyekuwa na ufundi wa kuunda nasaba za koo za mabwanyenye. Ukihitaji babu wa kale, kwake unampata.

Nilipomweleza Pan Lechia habari za Dyamentowski alinitazama kwa huruma. "Hata wewe wamekuwahi," akasema.

Sasa nimtendee haki mzee wa watu. Lalamiko lake la msingi ni la kweli. Waslavi wa dini za jadi hawakuacha kitabu. Karibu kila tunachokijua juu ya miungu yao kiliandikwa na watu waliofurahi kuiona ikizama au ikiungua.

Chukua Kyiv. Tarikhi iliyokusanywa na watawa mwanzoni mwa karne ya 12 inasema kwamba mwaka 980 mtawala Volodymyr alisimamisha sanamu za miungu kilimani: Perun wa mti, mwenye kichwa cha fedha na masharubu ya dhahabu, na pamoja naye Khors, Dazhbog, Stribog, Simargl na Mokosh. Miaka minane baadaye Volodymyr huyohuyo akawa Mkristo. Perun akafungwa kwenye mkia wa farasi, akaburutwa hadi mto Dnipro huku watu 12 wakimtandika magongo. Watawa wanakiri kwamba watu walilia. Basi, habari imekwisha. Sala ya Perun hawakuiandika, wala wimbo wake, wala walichokuwa wakimwomba watu waliomlilia pale ukingoni. Juu ya Simargl wataalamu mpaka leo wanabishana alikuwa nani hasa.

Mahali palipoelezwa vizuri kuliko pote ni Arkona, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Rügen, ambacho leo ni Ujerumani. Nilifika huko mwezi wa Machi wa mwaka wangu wa pili, upepo ukinikata masikio. Ni jabali la chokaa nyeupe juu ya bahari ya Baltiki, na bahari imekuwa ikilila kidogokidogo. Sehemu kubwa ya ngome ya kale imeshaangukia majini. Hapo palikuwa na hekalu la Svantevit, mungu mwenye vichwa vinne, na ibada yake ilielezwa na Saxo Grammaticus, mwandishi wa Denmark.

Saxo anasema kuhani peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuingia kufagia, kwa sharti asipumue mbele ya mungu. Pumzi ikimwishia anakimbia mlangoni, anapumulia nje, anarudi kwenye ufagio wake. Sanamu ilishika pembe iliyojazwa kinywaji tangu mwaka uliotangulia. Kikikutwa kimepungua, mavuno yatakuwa haba na watu waweke akiba. Kisha inaletwa keki ya asali, ya mviringo, kimo chake karibu sawa na mtu. Kuhani anajibanza nyuma ya ile keki na kuwauliza watu kama wanamwona. Wakisema tunakuona, anawaombea kwamba mwakani wasimwone.

Sehemu hii ya keki nimeisoma mara nyingi na bado inanifurahisha. Mtu mzima, mkuu wa dini, amejificha nyuma ya keki.

Palikuwa pia na farasi mweupe wa mungu. Usiku amelala zizini, asubuhi anakutwa ana jasho na tope mwili mzima, maana Svantevit alimpanda kwenda kupigana na maadui. Kabla ya vita, mikuki ilipangwa chini na farasi akapitishwa juu yake. Akitanguliza mguu wa kulia, safari ina heri.

Mwaka 1168 mfalme Valdemar wa Kwanza wa Denmark na askofu Absalon waliiteka Arkona. Sanamu ilifungwa kamba ikaangushwa, ikaburutwa hadi kambini, na jioni wapishi wakaichanja kuni.

Haya yote tunayajua kwa sababu Saxo alimwandikia Absalon, na alitaka ushindi wa bwana wake uonekane ulivyo mkubwa. Hebu fikiria dini ya bibi yako yote, imani na utani wake, ielezwe na karani wa mtu aliyeipikia. Hiyo ndiyo kiu ya akina Pan Lechia, na siwezi kuibeza. Ila mwenye kiu ndiye anayeona mazigazi.

Mazigazi makubwa kuliko yote yanaitwa Kitabu cha Veles, jina la mungu mwingine wa Waslavi. Kisa chenyewe kina kila kitu isipokuwa kitabu. Mwaka 1919, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata mapinduzi ya Urusi, ofisa wa jeshi la Weupe, wapinzani wa Wabolsheviki, aitwaye Izenbek anakuta mbao zenye maandishi kwenye jumba lililoporwa upande wa Kharkiv. Anazitia mfukoni, vita vinamshinda, anaishia uhamishoni Brussels. Huko tangu mwaka 1925 mhamiaji mwenzake, Yuri Mirolyubov, anakaa kwa Izenbek kuzinakili, miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1941 Izenbek anafariki, mji uko mikononi mwa Wajerumani, mbao zinatoweka. Miaka ya 1950 nakala zinaanza kuchapishwa na jarida la wahamiaji wa Kirusi huko San Francisco. Jina la kitabu linatolewa na Sergei Lesnoy, aliyekuwa akiishi Australia na ambaye kazi yake halisi ilikuwa utafiti wa nzi.

Ndani yake mna kila kilichokosekana: historia ya Waslavi inayorudi nyuma karne nyingi kabla ya Kristo, vita na safari ndefu, na wapagani wapole wanaojieleza wenyewe kwa midomo yao. Ukisoma baada ya kutoka Arkona, ni kama mtu amekaa, akaorodhesha kila ulichokitamani, akakuletea.

Picha ya ubao mmoja ilifika Moscow, na mwaka 1960 mtaalamu wa maandiko ya kale Lidia Zhukovskaya akatoa hukumu: kilichopigwa picha hakikuwa ubao, kilikuwa mchoro juu ya karatasi. Na lugha yake ilichanganya sauti za zama ambazo hazikuwahi kukutana. Andrei Zaliznyak, mwanaisimu aliyeijua Kirusi cha kale kuliko wengi, alifikia hukumu hiyohiyo miaka ya baadaye. Mtunzi alijua kwamba maneno ya zamani hayafanani na ya leo, ila hakujua yalitofautianaje, kwa hiyo aliyavunja ovyo.

Kwa msomaji wa Kiswahili naweza kulieleza hivi. Tuseme mtu anataka kughushi utenzi wa kale wa Lamu. Amesikia kwamba Kiamu kina *t* pale ambapo sisi tuna *ch*. Anaandika "mato" badala ya "macho", vizuri kabisa. Anapata ujasiri. Ubeti wa pili anamkaribisha mgeni kwa kikombe cha "tai". Ubeti wa tatu amesahau, "macho" yamerudi. Mzee wa Lamu hana haja ya maabara kumkamata. Anamsomea beti tatu, anacheka, anamrudishia karatasi.

Wengi wanamnyooshea kidole Mirolyubov mwenyewe kuwa ndiye mtunzi. Pan Lechia alikuwa na kitabu hicho, tafsiri ya Kipolandi, kimefungwa kwa gazeti kama msahafu.

Nilijaribu kumpoza kwa kisa cha majirani zake Wacheki. Mwaka 1817 Václav Hanka alidai kugundua hati ya kale katika mnara wa kanisa huko Dvůr Králové, na punde ikafuatiwa na nyingine iliyodaiwa kutoka ngome ya Zelená Hora. Zilikuwa na tenzi za mashujaa na hukumu za malkia Libuše, Kicheki safi, kikongwe. Wacheki walikuwa chini ya Austria, Kijerumani ndicho kilichokuwa lugha ya ofisini na ya watu wa maana, na hati zile zilikuwa dawa. Vizazi viwili vilizinywa. Kisha mwaka 1886 mwanaisimu Jan Gebauer na mhadhiri aitwaye Tomáš Masaryk wakazipinga hadharani katika jarida la Athenaeum. Magazeti yakamwita Masaryk msaliti wa taifa. Mwaka 1918 msaliti huyo alikuwa rais wa kwanza wa Czechoslovakia.

"Masaryk," akasema Pan Lechia, akikaza skrubu ya kitasa, "mama yake alikuwa na Ujerumani mwingi."

Kuna na kundi la wanaotafuta historia ndani ya maneno. Hawa nawapenda zaidi kwa sababu hawagharimu chochote. Msemo wao maarufu uko kwa Kirusi: *Etruski, eto russkie*, yaani Waetruski, wale watu wa Italia waliotangulia Warumi, "hao ni Warusi". Ushahidi ni kwamba maneno yanafanana. Roma kwa Kirusi ni *Rim*; ligeuze lisome kinyume, unapata *mir*, amani, au dunia. Zaliznyak alitumia miaka yake ya mwisho akitoa mihadhara kuhusu ugonjwa huu, kwa upole wa daktari wa meno.

Usiku mmoja mimi na rafiki yangu wa Mwanza tulicheza mchezo huo hadi majirani wakagonga ukuta. Mto Sava huko Balkani: wenyeji walikuwa Waswahili, waliuona umetulia wakasema sawa. Kisha tukapata kubwa. Mungu wa kike wa baridi na kifo kwa Waslavi anaitwa Morana, Marzanna, na kwa ufupi Mara. Na sisi tuna mto gani ambao kila mwaka nyumbu wanauvuka na kufa kwa maelfu? Kwa hiyo Serengeti ilikuwa mkoa wa Lechia. Nilimpelekea Pan Lechia hoja hii kama utani. Aliiandika kwenye daftari.

Yuko pia Anatoly Fomenko, mtaalamu wa hesabu wa Moscow, ambaye kwake tatizo si Waslavi kufutwa. Tarehe zote za dunia ni za uongo. Historia ya kale ni historia ya zama za kati iliyonakiliwa mara kadhaa na kurudishwa nyuma, Kristo aliishi karne ya 12, na Novgorod, mji wa kale wa Urusi unaotajwa kwenye tarikhi, si Novgorod, ni mji mwingine, Yaroslavl. Hapa mhandisi ndani yangu aliamka.

Udongo wa Novgorod umejaa maji na hauna hewa, kwa hiyo mbao haziozi. Mitaa ya mji ilisakafiwa kwa magogo. Tope likipanda, watu walitandaza magogo mapya juu ya yale ya zamani. Wachimbaji walipofika chini kabisa katika mtaa mmoja walihesabu tabaka 28. Kila gogo lina pete zake, nene mwaka wa neema, nyembamba mwaka wa shida, na ukizipanga pete za gogo hili juu ya za gogo lile unapata kalenda isiyomjua mfalme wala askofu. Tabaka la chini kabisa ni la mwaka 953. La juu, 1462. Nimefanya kazi na tabaka za miamba. Ningekuwa na mgodi wenye kumbukumbu safi namna ile ningelala usingizi mnono.

Katikati ya magogo hayo, tarehe 26 Julai 1951, ilipatikana barua ya kwanza iliyokwaruzwa kwenye gome la mti mweupe wa nchi za baridi ambao Warusi wanauita berioza. Leo zimepita 1,100. Madeni, maagizo ya samaki, mke anamwandikia mume, mtu anamtaka mtu posa. Na katika karne ya 13 mtoto aitwaye Onfim, wa miaka sita au saba hivi, aliketi kufanya mazoezi ya alfabeti, akachoka kama watoto wote, akajichora yuko juu ya farasi anamchoma adui mkuki. Kwenye gome jingine alichora dubwana lenye mkia, akaliandika: mimi ni mnyama mwitu.

Onfim alikuwa Mkristo. Hakuna Perun kwenye magome yake. Lakini ukimwambia mtu wa Kitabu cha Veles kwamba kuna Mslavi wa kweli wa miaka zaidi ya 700 iliyopita, na mwandiko wake, na watu aliowachora ambao vidole vyao mara ni vitatu mara ni sita, anakuuliza kama humo kuna habari za dola.

Nisije nikaonekana nawatetea maprofesa kila mahali. Kuna wakati mtu wa pembeni hushinda. Marija Gimbutas, mzaliwa wa Vilnius aliyefundisha California, alisema tangu mwaka 1956 kwamba lugha nyingi za Ulaya zililetwa na wafugaji wa nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi, waliozika watu wao chini ya vichuguu vya udongo. Wengi walimpinga kwa miongo. Mwaka 2015, miaka 21 baada ya kufa kwake, vinasaba kutoka mifupa ya kale vikaonyesha kwamba wafugaji wa nyikani walimiminika kweli Ulaya miaka kama 4,500 hadi 5,000 iliyopita. Maoni yake mengine, hasa kuhusu amani iliyotawaliwa na mama mungu kabla ya hapo, bado yanazozaniwa. Tofauti yake na Dyamentowski ni kwamba yeye alichimba, na akaacha mashimo yake wazi ili wengine waingie.

Vinasaba vimewafikia pia Waslavi wenyewe. Utafiti uliotoka mwaka 2025, uliopima mabaki ya watu zaidi ya 500, umeonyesha kwamba katika karne ya 6 na ya 7 watu walihama kweli kutoka mashariki, familia nzima, wanawake na wanaume. Katika Ujerumani ya mashariki walichukua zaidi ya asilimia 80 ya nasaba. Na akiolojia inatuonyesha walikuwa watu gani: vyungu vya udongo vya kufinyanga kwa mkono bila nakshi, vijumba vilivyochimbwa nusu chini ya ardhi, jiko la mawe kwenye kona. Walienea nusu ya Ulaya, tangu Baltiki hadi Ugiriki, bila kuacha jumba la kifalme la kuonyesha watalii.

Kwangu mimi hilo ni la ajabu kuliko Lechia. Nilimpa Pan Lechia habari hizi nikidhani atafurahi.

"Wakulima?" akauliza.

"Wakulima."

Akanyamaza. Nilimwona usoni kwamba nimemvunjia heshima.

Kuna upande wa mambo haya usiochekesha. Jioni moja kwenye tramu alipanda kijana mwenye jaketi lenye kolovrat, gurudumu la mikono minane iliyopinda. Aliniangalia vituo vinne mfululizo bila kupepesa. Hakusema neno, wala mimi sikusema, nikashuka kabla ya kituo changu nikatembea. Alama ile huuzwa kama jua la kale la Waslavi. Ya namna hiyo iliwahi kuchorwa mwaka 1923 na Stanisław Jakubowski, msanii wa Kraków hiyohiyo; kuipa jina la kolovrat na kuifanya bendera ya damu safi ni kazi ya miaka ya karibuni. Si kila anayeivaa ni mbaguzi. Poland ina makundi ya dini ya jadi yaliyosajiliwa kisheria tangu miaka ya 1990, na niliwahi kualikwa usiku wa Kupala, mwezi Juni, nikaruka moto na kuona wasichana wakiachia mashada ya maua mtoni. Walinilisha vizuri. Lakini dola ya kubuni ina tabia ya kutafuta wageni wa kuwafukuza, na mgeni kwenye tramu ile nilikuwa mimi.

Siku moja nilimwomba Pan Lechia anipeleke makumbusho ya akiolojia. Kuna nguzo ya mawe ya chokaa, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu, iliyoonekana mwaka 1848 katika mto Zbruch, huko ambako leo ni Ukraine magharibi, maji yalipopungua kwa ukame. Ina pande nne na nyuso nne chini ya kofia moja. Mmoja ameshika pembe. Mwingine ana upanga, na chini yake farasi. Ukishasoma habari za Arkona unasisimka.

Mzee alivua kofia. Alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma, midomo ikicheza kidogo. Mimi nilikuwa nimeshasoma kwamba mwaka 2011 wanaakiolojia wawili wa Ukraine waliandika kwamba nguzo ile huenda ilichongwa karne ya 19, siku ambazo washairi walikuwa na njaa ya miungu, na kwamba wenzao wengi hawakukubaliana nao. Nilikuwa na sentensi hiyo mdomoni. Nikaimeza. Tukanunua kahawa.

Desemba hiyo alinialika kwa chakula cha mkesha wa Krismasi, Wigilia, kwa sababu hakuna mtu anayepaswa kuwa peke yake usiku huo. Mama yake alikuwepo, bibi wa miaka zaidi ya tisini, mzaliwa wa vijiji vya upande wa Białystok. Chini ya kitambaa cha meza palikuwa na nyasi kavu. Niliziona zikichungulia pembeni. Tulisubiri nyota ya kwanza. Supu ya bitiruti, samaki, kabichi, na kutia, ambayo ni ngano iliyochemshwa ikachanganywa na asali na mbegu za mpopi. Bibi alinipakulia mara mbili, akasema zamani hiki kilikuwa chakula cha matanga.

Tulikuwa watu watano. Sahani zilikuwa sita.

Nikamuuliza Pan Lechia tunamngoja nani. Akasema ni desturi, huwekwa kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Bibi akatikisa kichwa. Akasema kwao iliwekwa kwa ajili ya wale waliotangulia, maana usiku huu huwa wanarudi kula. Kisha akasogea kwenye kiti chake, akainama kwa shida, akakipuliza kile kiti, puu, akanong'ona: *Przepraszam, bo przysiądę.* Samahani, nakaa.

Nikamuuliza kwa nini. "Huenda kuna aliyekaa," akasema. "Nisimkalie."

Pan Lechia akaona haya mpaka masikio. "Mambo ya kijijini hayo," akaniambia kwa Kiingereza, ili mama yake asielewe. "Usijali." Akamimina kompoti, kinywaji cha matunda yaliyochemshwa, akageuka kwa shemeji yake, na kabla samaki hajamalizika Caesar alikuwa ameshapigwa mara mbili.

Niliinuka kwenda kunawa. Niliporudi, bibi alikuwa ananitazama. Nikapuliza kiti changu, nikakaa.